Fundi Nyuzi na Tone Jekundu

Farasi hupumua mara mbili. Mara ya kwanza kila mtu anaiona: pua zinapanuka, mbavu zinajaa, na ukisimama karibu unapigwa na joto usoni. Mara ya pili hufanyika ndani ya nyama yenyewe, katika vijumba vidogo mno viitwavyo mitokondria, ambavyo hupokea oksijeni na chakula kidogo, vikatoa nguvu ya kukimbia. Ile ya kwanza unaweza kuijua kwa kuweka kiganja ubavuni. Hii ya pili inataka barafu, hadubini, mashine yenye bei ya nyumba, na mtu kama Fundi Nyuzi.

Jina hilo alipewa kazini na likamganda, hata mlinzi wa geti alikuwa hajui jingine. Kazi yake, katika maabara iliyokuwa nyuma ya mazizi ya chuo cha mifugo, ilikuwa kuchambua. Daktari wa wanyama alimpa farasi dawa ya kusinzia, akamchoma sindano ya ganzi sehemu ya tako, akachukua kwa sindano nene kipande cha msuli kisichozidi mbegu ya chungwa, na kipande hicho kikaletwa mezani kikielea katika maji baridi ya dawa, ndani ya kisanduku cha barafu. Hapo Fundi Nyuzi aliinamia hadubini, akashika vibano viwili vyenye ncha kali kuliko ulimi wa wifi, na kuanza kutenganisha nyuzi za msuli, huu na jirani yake, bila kuzikata wala kuziminya. Zikishalegea zikawa kama wavu, ziliogeshwa dawa, zikakaushwa, zikapimwa uzito, kisha zikatiwa katika kichupa cha kioo chenye maji ya uvuguvugu sawa na mwili wa farasi. Chini ya kichupa kisumaku kilizunguka kukoroga. Pembeni kihisi kilisoma oksijeni, na kwenye kompyuta mstari ukajichora: kadiri nyuzi zilivyokula oksijeni kwa kasi, ndivyo mstari ulivyopanda.

Halafu kulikuwa na tone jekundu. Hapa naomba msomaji asinikimbie, maana habari yote iko hapa. Kila sampuli, kabla ya kuaminiwa, lazima ionjeshwe tone moja la protini fulani nyekundu. Mitokondria zinayo ya kwao, zimeifungia ndani. Kama kuta zao ni nzima, tone la nje haliwahusu, na mstari unabaki pale ulipokuwa. Lakini kama kuta zilipasuka wakati wa kuchambua, ile ya kwao imevuja, basi zikipata tone zinalirukia kwa njaa, na mstari unapaa ghafla. Mgeni akiuona umepaa anaweza kupiga makofi. Wenye kazi yao hushika kichwa, kwa sababu mruko ule hausemi chochote kuhusu farasi. Unasema habari za mkono uliochambua.

Kwa miaka mingi mstari wa Fundi Nyuzi haukuruka. Wanafunzi waliletwa kumtazama. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa majivuno, ila akipita mtu akasema, "Mikono hiyo imebarikiwa," alikuwa hakatai. Alijua ilikotoka. Mama yake alikuwa mshonaji, na kabla hajamruhusu kushika sindano alimfundisha kwanza kufumua: nguo kuukuu zote za mtaa zilipita mapajani mwa mtoto yule, akizitoa uzi bila kuacha tundu.

Sasa siku moja ya kawaida kabisa, akiwa amesimama karibu na birika kazini, kidole gumba chake cha kulia kilicheza. Kiliruka, kikatulia, kikaruka tena, kikatulia. Mtu mwingine angesema nimechoka, akaendelea na chai yake. Fundi Nyuzi aliweka kikombe mezani, akatoka nje, akaenda kusimama nyuma ya tangi la maji.

Maana mama yake naye alianza hivyo hivyo, kwa kidole gumba, mkono uleule. Kwanza uzi ulikataa kuingia tunduni. Kisha mkono wote ukashika mtetemo, halafu na wa pili, na vidonge alivyopewa hospitali vilipunguza lakini havikuondoa. Sasa mama alikaa katika chumba cha uani nyumbani kwa binti yake huyo, dirisha likitazama kamba ya kuanikia nguo, na kijiko cha supu kilikuwa hakifiki mdomoni pake bila msaada.

Fundi Nyuzi hakumwambia mtu. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa, nyumbani alikuwa mgeni wa heshima, na habari kama hiyo haisemwi kwenye simu yenye kelele za injini. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye alijiambia kwamba hana maradhi, basi hakuna anachoficha. Tangu siku ile, hata hivyo, akawa mtu wa kujitazama mikono. Aliinyoosha mbele ya kioo cha bafuni. Aliikunja na kuikunjua akiwa foleni. Akipewa chenji, alihesabu vidole kwanza.

Na nyumbani akaanza kuikwepa mikono ya mama. Hakupanga iwe hivyo. Ilikuwa tu kwamba kila akiiona ikipapatika juu ya shuka, aligeuza uso. Alikuwa akiiona ya kwake. Basi kazi ya kulisha akamwachia binti yake, msichana mkubwa aliyemaliza shule na kungoja kwenda chuo. Huyo na bibi yake walikuwa watani wa kufa na kuzikana.

"Bibi, fungua mdomo, treni inaingia."

"Treni gani inachelewa hivi? Nitashuka nipande basi."

"Utashukia wapi na hizo mbio zako?"

Fundi Nyuzi aliwasikia akiwa jikoni, akicheka peke yake na sufuria. Alipika, alifua, alinunua dawa kabla hazijaisha. Chai ya asubuhi alimpelekea mama mwenyewe, akaiweka juu ya meza ndogo karibu na kitanda, akasema, "Chai hiyo, mama," na kutoka upesi kama mtu aliyeacha kitu jikoni. Mwisho wa mwezi binti angeondoka. Hapo ingekuwaje, hakutaka kufikiri.

*

Kazini ndiko mambo yalikoanza kuharibika. Kwanza mstari wake uliruka kidogo, kiasi cha kusameheka. Akashtuka, akaongeza uangalifu. Sampuli iliyofuata ikaruka zaidi. Akaongeza uangalifu tena: akawa anafika mapema, anaegemeza viwiko juu ya taulo lililokunjwa, anapumua kwa hesabu, anachambua uzi mmoja mmoja mpaka aridhike kwamba mkono haukutikisika. Mstari ukapaa kama moto wa nyasi.

Aliyekaa meza ya pili alikuwa mtaalamu mwenzake, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, ambaye maabara nzima ilimwita Redio. Sababu haina haja ya kuelezwa. Redio aliongea akichambua, aliongea akipima, na nadhani aliongea akiwa amelala, maana mkewe alionekana mtu aliyechoka. Lakini alikuwa na roho nzuri na mkono safi.

"Dada, imeruka tena?" aliuliza siku moja, akichungulia skrini.

"Farasi mzee yule," alijibu Fundi Nyuzi bila kugeuka. "Nyama yake imelegea, haina msimamo."

"Ya kwangu ni ya farasi huyohuyo. Mbona imetulia?"

"Basi wewe umepata upande mzuri."

Redio alinyamaza. Redio kunyamaza lilikuwa jambo la kutangazwa. Fundi Nyuzi alihisi masikio yakimwaka, akaitupa ile sampuli.

Farasi mzee aliyesingiziwa alikuwa jike wa kijivu waliyemwita Bibi Harusi, kwa jinsi alivyotembea kichwa chini, polepole, kana kwamba watu wote wanamtazama. Alikuwa amestaafu kazi ya kubeba wanaojifunza kupanda. Daktari alitaka kujua kama msuli wa farasi mzee, ukipewa mazoezi ya upole kwa muda mrefu, unaweza kurudisha pumzi yake ya ndani, au umri ukifika umefika. Basi Bibi Harusi alitembezwa kila asubuhi kwenye mashine ya mkanda unaozunguka chini ya kwato, mvua isimzuie wala jua, kwa miezi. Sampuli ya mwanzo ilichukuliwa kabla ya zoezi, na ilikuwa safi. Ya katikati, ya kuangalia maendeleo tu, ndiyo hiyo waliyogawana na Redio. Iliyobaki ilikuwa ya mwisho. Ikipatikana, kazi imekamilika. Baada ya hapo angepelekwa malishoni kula uzee wake kwa amani, na Daktari alikuwa ameapa hatamchoma sindano nyingine. Nafasi ilikuwa moja tu.

Fundi Nyuzi alikata shauri. Angechambua sampuli hiyo ya mwisho, kwa kuwa ni yeye aliyechambua ya kwanza na Daktari alitaka mkono uleule. Ikiruka, siku hiyohiyo angemwambia Daktari kwamba mikono imekwisha, atafutwe mwingine. Alifanya mazoezi ya maneno hayo njiani kila siku.

*

Siku yenyewe ikafika. Walipangiwa farasi wawili: Bibi Harusi wa Fundi Nyuzi, na wa Redio farasi dume kijana aliyehasiwa, jina lake Mwanasheria, kwa sababu hakuna alichoambiwa asikipinge. Utaratibu ulikuwa kila mtu na farasi wake, kila mtu na kichupa chake, na vyote viwili viingie mashinani pamoja ili vilinganishwe sawasawa.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi wa buti ndefu, asiyependa maneno mengi mbele ya farasi. Alichukua kipande cha Bibi Harusi bila tabu. Yule jike alisinzia tu, mdomo wa chini ukining'inia. Mwanasheria alikata rufaa mara tatu, lakini naye akasalimu amri. Sampuli mbili zikawekwa kwenye barafu, Redio akabeba kisanduku, huku akieleza habari za shemeji yake aliyenunua suti ya arusi iliyokuwa ya marehemu. Alikuwa amegeuka nyuma ili Daktari asipitwe na sehemu tamu. Hakuuona mlango wa zizi ukirudi na upepo.

Mlango ule ni wa chuma. Ulimbana kidole cha shahada.

Alichosema Redio hakiandikwi. Kisanduku, hata hivyo, hakukiachia, na hilo litakumbukwa kwa heshima yake. Aliingia maabara akikikumbatia kwa mkono mmoja, kidole cha mkono wa pili kimevimba kama tangawizi.

"Dada," alisema, uso umempauka, "mimi leo kibano sishiki."

Fundi Nyuzi akatazama kidole, akatazama kisanduku. Sampuli zikishatoka mwilini hazisubiri mtu apone. Daktari alikuwa bado zizini na farasi wawili waliolewa dawa, hawezi kuwaacha waanguke. Mtu wa tatu hakuwapo.

"Kaa hapo," alisema. "Weka kidole kwenye barafu. Si hiyo ya sampuli, wewe! Ile ya ndoo."

Akavuta kiti. Hakuegemeza viwiko juu ya taulo, maana taulo alikuwa amemfungia Redio mkono. Hakupumua kwa hesabu. Alitandaza kipande cha Bibi Harusi kwenye kisahani juu ya barafu, akaingiza vibano, akafungua. Kushoto, kulia, kushoto, kulia.

"Sasa yule shemeji," Redio alianza, maana maumivu nayo yanataka kusindikizwa, "suti imembana. Kwapa zimepasuka kabla hajafika mlangoni."

"Alikuwa hajaijaribu?"

"Aliijaribu amesimama. Arusi ina kuinua mikono, dada."

Fundi Nyuzi alicheka, macho yakiwa kwenye hadubini. "Na bibi arusi akasemaje?"

"Akasema bora suti ya marehemu kuliko bwana arusi marehemu. Dada, dakika zinakwenda."

"Naziona. Nipe kichupa cha dawa. Kwa mkono ule mwingine! Mkono mzima huo!"

Bibi Harusi akamalizika, akaingia kwenye dawa. Mwanasheria akafuata. Nyuzi zake zilikuwa ngumu zaidi, zenye ubishi kama mwenyewe. Alizilegeza mpaka zikawa wavu, akaziacha hapo, akazikausha, akazipima, akazitia. Vichupa viwili vikafungwa. Visumaku vikazunguka. Jasho lilikuwa limemteremka mgongoni, na ndipo alipokumbuka kwamba alikuwa anaogopa.

Mistari ikaanza kutambaa. Akalisha nyuzi chakula chao, kipimo baada ya kipimo, na mistari ikapanda kama inavyotakiwa, ngazi kwa ngazi. Kisha akavuta tone jekundu kwenye kisindano kidogo. Alilipeleka kwenye kichupa cha Bibi Harusi akahisi roho iko mkononi. Akabonyeza.

Mstari ukaenda mbele. Ukaenda mbele tena, umelala palepale ulipokuwa.

Akasubiri. Akatia la Mwanasheria. Nao ukatulia.

"Dada," Redio alinong'ona, "umechambua farasi wawili kwa muda unaotumia siku hizi kuchambua nusu farasi."

"Umesemaje?"

"Usikasirike. Nilikuwa nataka kukwambia, nikaona wewe ni mkubwa wangu. Miezi hii unazichambua nyuzi kama mtu anayechambua mchele wa wakwe. Unapita, unarudi, unapita. Mpaka zinakuwa pamba."

Fundi Nyuzi alirudi kwenye kisahani, akatazama mabaki kwa hadubini. Wavu. Wavu mzuri, wenye mafundo machache huku na huku, kama alivyokuwa akifanya zamani kabla ya kile kidole gumba. Akakumbuka visahani vya wiki zilizopita. Pamba tupu. Alikuwa akizipitia nyuzi tena na tena ili ajihakikishie kwamba mkono hautikisiki, na kila alipopita alizipasua. Wahenga waliosema haraka haraka haina baraka hawakuwahi kuchambua msuli wa farasi.

Lakini alikuwa mtu wa maabara. Neno la Redio halikumtosha, wala mabaki kwenye kisahani. Mstari umetulia leo. Je, kama ni bahati? Kipande kidogo cha Mwanasheria kilikuwa kimesalia kwenye barafu, bado kizima. Akakitoa. Akaenda kuvuta taulo mkononi mwa Redio, ambaye alilia kama mbuzi, akalikunja, akaegemeza viwiko juu yake. Akapumua kwa hesabu. Akachambua kwa woga, makusudi, vilevile alivyokuwa akichambua: akapita, akarudi, akapita. Mkono wake ulikuwa mtulivu kabisa muda wote. Aliuangalia na kuona hivyo kwa macho yake. Nyuzi zikawa pamba.

Wakati Daktari alipoingia, buti zikiacha matope sakafuni, alikuta kichupa kipya mashinani na watu wawili wakikodolea skrini.

"Mnafanya nini?"

"Subiri, Daktari," Fundi Nyuzi alisema, akabonyeza tone jekundu.

Mstari ukaruka. Ulipaa moja kwa moja, mruko mbaya, wa kutisha, na Fundi Nyuzi akapiga kelele za furaha na kumkumbatia Redio, kidole na vyote.

"Sampuli imeharibika," Daktari alisema, amepigwa na butwaa.

"Imeharibika kabisa!" Fundi Nyuzi alijibu, machozi yakimtoka. "Nimeiharibu mimi! Nzuri ni zile pale!"

Ilibidi Redio aeleze, na kwa mara ya kwanza maelezo yake marefu yalihitajika. Daktari alisikiliza, akaenda kwenye mistari ya Bibi Harusi, ya leo na ile ya mwanzo, akaiweka mmoja juu ya mwingine. Pumzi ya ndani ya jike yule mzee ilikuwa imepanda. Haikufika ya Mwanasheria, wala hakuna aliyetarajia ifike, lakini ilikuwa imepanda na hapakuwa na tone lililoweza kuikanusha.

"Nilikuwa nije kukwambia leo kwamba mikono yangu imekwisha," Fundi Nyuzi alisema.

"Nani alikwambia imekwisha?"

"Kidole gumba."

Daktari akamtazama usoni. "Mimi ni daktari wa farasi. Ukitaka kujua habari za kidole, nenda kwa daktari wa watu, usingoje. Ila hilo ninaloliona hapa si kazi ya kidole." Akavua glavu. "Nenda nyumbani, Fundi. Huyu mwenye kidole ataosha vyombo."

"Kwa kidole hiki?" Redio alilalamika.

"Una vingine tisa."

*

Jua lilikuwa bado kali alipofika nyumbani. Alijua vizuri kwamba mstari uliotulia haukumwahidi chochote. Ulisema habari za mkono wa leo tu. Wa mwaka kesho, wa miaka kumi, mashine ile haina kichupa chake. Angeenda hospitali, ameshaamua, na angeambiwa atakachoambiwa. Lakini kitu kimoja alikuwa amekiona kwa macho yake bila mtu kumhadithia: miezi yote hii aliyeharibu kazi alikuwa woga. Njia nzima alikuwa akijiuliza woga huohuo umeharibu nini kingine, na swali hilo halikumchukua muda mrefu.

Binti yake alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha bibi na bakuli la supu.

"Mama! Mbona mapema?"

"Nipe hilo bakuli. Nenda kapumzike."

Msichana alimwangalia mama yake, akamwangalia bibi yake, akanyanyuka bila utani wowote. Fundi Nyuzi akakaa mahali palipokuwa bado na joto. Mama yake alimtazama kwa macho yaleyale yaliyokuwa yakiona kombo ya mshono kutoka upande wa pili wa chumba.

"Wamekufukuza kazi?"

"Hapana, mama. Imekwenda vizuri."

"Basi kuna aliyekufa."

"Hakuna aliyekufa. Fungua mdomo."

Mama hakufungua. Mikono yake ilikuwa ikipapatika juu ya shuka. "Kila asubuhi unaniletea chai," alisema. "Unaiweka mezani. Hunipi mkononi. Nami mkono nimeunyoosha, unauona, unaiweka mezani na kuondoka."

Fundi Nyuzi akashusha kijiko.

"Sikukulaumu," mama akaendelea. "Nilisema moyoni, mtu mzima akishakuwa hivi anatia kinyaa. Hata kwa mtoto wake. Nikasema ninyamaze nisimtie aibu, ananilea vizuri, nguo zangu safi, dawa hazikosekani."

"Kinyaa?" Bakuli lilimtingishika, supu ikamwagika gaunini. "Mama! Kinyaa? Nilikuwa naogopa! Kidole changu kilicheza, kidole gumba, kama chako. Nikikutazama mikono nilikuwa najiona mimi. Nikawa nakimbia."

Mama yake akacheka kidogo, kicheko chenye maji ndani yake.

"Ungesema, mwanangu," alisema. "Woga tungeubeba wote wawili. Kinyaa nimekibeba peke yangu."

Fundi Nyuzi aliliweka bakuli sakafuni. Akaushika mkono wa kulia wa mama yake kwa mikono yake yote miwili, na mtetemo ukamwingia viganjani, ukampanda mpaka kwenye viwiko. Mikono yake nayo ikatetemeka, kwa kilio au kwa mtetemo wa mama, hakujua, na hakuivuta.